Siku Kiboko Alipopiga Hodi

Ngano inakuja!

—Na ije!

Inakuja kwa miguu ya nani?

—Kwa miguu yake yenyewe!

Imebeba nini?

—Ikifika tutaona!

Haya, isogezeeni kigoda, maana imetoka mbali. Ilibeba uongo mfuko mmoja na ukweli mfuko mwingine, na njiani mifuko ikapasuka, vikachanganyika. Mimi nawapa kama nilivyopokea.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanapigiana hodi, palikuwa na bonde lililozungukwa na majabali pande zote. Ndani yake mlikuwa na bwawa, matete, na mashamba ya mtama. Wenyewe waliliita Bondeni tu, kwa kuwa hawakuwa na bonde jingine. Njia ya kuingia ilikuwa moja, na ya kutoka ilikuwa hiyohiyo: upenyo kati ya majabali mawili. Hapo wakapaita Mlangoni.

Humo Bondeni aliishi Sange. Kama hujamwona Sange, chukua panya mdogo, mwazimie pua ya tembo, kisha mpe haraka za mtu aliyeacha maziwa jikoni. Ndiye huyo. Kazi yake ilikuwa kufagia njia. Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, alipita na vijiguu vyake vyembamba, majani akiyasukuma huku, vijiti akivisukuma kule. Kwaru, kwaru, kwaru! Alifagia kutoka bwawani hadi mashambani, mashambani hadi Mlangoni, na Mlangoni akaendelea nje, mpaka pale ambapo macho huchoka kuona.

"Huko nje unamfagilia nani?" Kobe alimuuliza siku moja.

"Anayekwenda," Sange alijibu.

"Na akishakwenda?"

"Namfagilia anayerudi, babu."

Maana siku zile watu wa Bondeni walikwenda na kurudi. Mhanga alikwenda milimani kuchimba, akarudi na ufundi wa visima visivyobomoka. Kanga alikwenda kwa shangazi yake, akarudi na mbegu za maboga. Kila aliyerudi alikuwa na kitu: kama si mbegu, ufundi, kama si ufundi, wimbo, kama si wimbo, mchumba. Na aliyebaki, hata Kobe ambaye safari yake ndefu ilikuwa kutoka kivulini hadi juani, naye alikula maboga na kunywa maji ya kisima.

Walikuwa na desturi zao pale Mlangoni. Mgeni akipiga hodi aliulizwa maswali matatu: Unatoka wapi? Umebeba nini? Unataka nini? Akishajibu, huambiwa karibu. Na mkubwa wa mji akitoka nje, hata kama ni kuchuma mboga, yule aliyefagia Mlangoni asubuhi hiyo hukaa badala yake. Yeye ndiye huuliza maswali, yeye ndiye husema karibu, mpaka mkubwa atakaporudi na kukaribishwa. Ilikuwa desturi ndogo, ya kuwekana zamu tu. Aliyeikumbuka sana alikuwa mfagiaji.

Sasa, Kiboko.

Kiboko mwenyewe hakuzaliwa Bondeni. Dimbwi la kwao lilikauka, akaja akiyumbayumba, ngozi imepasuka kama tope la kiangazi. Akapiga hodi. Unatoka wapi? Hakuweza kujibu. Umebeba nini? Hakuwa na kitu. Unataka nini? "Maji," akasema. Basi nyanya yake Sange akamfagilia njia mpaka bwawani. Chubwi! Akaingia. Akanywa. Akanona. Akapanuka. Akasahau.

Alipokuwa mkubwa kuliko wote, akajiita mkubwa wa mji, na hakuna aliyekuwa na mwili wa kumbishia. Akakaa Mlangoni, akasema, "Hoh! Anayeingia na mzigo, nusu yangu." Wakampa nusu. Kisha akasema, "Anayetoka na mzigo, nusu yangu." Wakampa nusu. Kisha akatazama shamba lake, ambalo Bondeni nzima ilimlimia, akaona Mhanga amesafiri na tuta halijamalizika. Akakasirika.

"Wakitoka, nani atanilimia? Wakiingia, si watakula mtama wangu? Hoh! Kuanzia leo hakuna kutoka, hakuna kuingia!"

Akaita Nyigu, kundi zima, wakajenga kiota chao palepale Mlangoni, juu ya upenyo. Akawafundisha kazi.

"Anayetoka?"

"Nzzz! Tunachoma!"

"Anayeingia?"

"Nzzz! Tunachoma!"

"Akisema ana sababu?"

"Tunachoma kwanza, sababu tunasikiliza baadaye!"

Kiboko akarudi bwawani. Chubwi! Akalala.

Mwanzoni Bondeni haikuona tofauti kubwa. Lakini mtama ule waliurudia kupanda msimu hadi msimu, mbegu ni zilezile, na mbegu ikazeeka. Masuke yakaanza kutoka na unga mweusi kama masizi ya chungu. Ukiyapuliza, fuu! Hakuna punje. Kisima kikajaa tope, na Mhanga yuko nje. Maboga yakaliwa na wadudu. Ukafika mwaka ambao Bondeni nzima haikuwa na mbegu ya kupanda, na juu ya majabali mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameanza kukusanyika.

Sange alikuwa na watoto, na mume wake naye alikuwa nje. Alitoka kwenda milimani kutafuta kibarua kabla ya Nyigu kujenga, na huko ndiko alikokuwa amekwama. Mkubwa wa watoto aliitwa Chepe, kwa jinsi alivyopenda kuchimba kwa pua. Siku hizo Chepe hakuchimba tena. Alilala tu, akiuliza kama uji umeiva, na chungu hakikuwa hata mekoni.

Siku moja Kasuku alitua mbele ya mlango wa Sange. Kasuku alipita juu ya majabali, wala Nyigu hawakumjali, kwa sababu waliambiwa walinde mlango, hawakuambiwa walinde anga. Alikuwa mpeleka habari, na habari zake alizileta kwa sauti ya aliyemtuma.

"Mama Chepe," Kasuku alisema, na sauti ilikuwa ya mume wake kabisa, hata kile kikohozi chake kidogo. "Mama Chepe, mimi mzima. Nimefika hadi Kilima cha Kwanza, mimi na Mhanga. Tuna mfuko wa mbegu ya mtama wa milimani, masuke yake mekundu, ugonjwa ule wa masizi hauujui. Tunaye pia mgeni, Bi Nungunungu na wanawe, moto umewachomea kwao. Anajua kuhifadhi mbegu isiliwe na wadudu. Lakini tutapitaje? Mhanga amejaribu, mgongo wake sasa una vilima vingi kuliko huku tuliko. Mvua ikinyesha kabla hatujaingia, mbegu itaotea mfukoni. Fikiri wewe, mke wangu. Mimi nimefikiri nikachoka." Kisha Kasuku akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, "Hapo alilia kidogo, ila kaniambia nisiseme."

Sange alikaa. Pua yake ikazunguka huku, ikazunguka kule.

"Kasuku, shoga yangu," alisema, "huko Kilimani wana chakula gani kingine?"

"Makopa. Mihogo mikavu, matenga mawili."

"Basi rudi kamwambie hivi. Makopa wayaweke wazi, yaonekane. Mbegu waifiche. Na kila kibuyu walicho nacho wakijaze maji."

"Maji ya nini?"

"Utaona. Kisha urudi haraka, nina kazi na sauti yako."

Asubuhi iliyofuata Sange aliamka mapema kuliko siku zote. Kwaru, kwaru, kwaru! Akafagia bwawani. Kwaru, kwaru, kwaru! Akafagia Mlangoni, akapafagia mpaka ungeweza kumwaga uji chini ukaulamba. Nyigu wakamtazama tu, kwa kuwa mfagiaji hakuingia wala hakutoka, alifagia. Kisha akarudi bwawani.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

Matundu mawili ya pua yalitokeza majini. "Marahaba. Ruhusa ya kutoka hakuna."

"Sikuja kutaka ruhusa, Bwana. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya nusu yako."

Masikio ya Kiboko yakasimama, maji yakamwagika pembeni. "Nusu yangu ya nini?"

"Ya makopa, Bwana. Mume wangu na wenzake ni watu wa sheria. Wamefika Kilima cha Kwanza na matenga mawili ya mihogo mikavu, myeupe, ukiivunja inalia ko! Tenga moja ni lako. Lakini watakuleteaje, na Nyigu wako pale? Kwa hiyo wanasema kesho watalila wao tu, lisije likaota ukungu. Basi, pole sana, Bwana." Akageuka, akaanza kwenda zake, kwaru, kwaru.

"Hebu simama, Kapua! Watakula nusu yangu?"

"Kwa masikitiko, Bwana. Wamesema watakula kwa masikitiko."

"Mtume Kasuku akaichukue!"

"Kasuku na tenga la makopa, Bwana?"

Kiboko akafikiri. Ukimwona Kiboko anafikiri, utadhani amesinzia. "Ni mbali?"

"Sijui kwa miguu ya wakubwa. Ila njia nimeifagia, mwiba hutaukanyaga hata mmoja."

Maji yakafunguka. Kiboko akatoka, akajikung'uta, akashika njia. Tindi! Tindi! Tindi! Sange akimfuata nyuma, akiruka mashimo ya nyayo zake. Tangu ile siku ya kuomba maji, Kiboko hakuwahi kutoka Bondeni. Mlangoni akawapungia Nyigu mkono wake mfupi, wakampisha.

"Bwana," Sange akasema, "nina wasiwasi mdogo."

"Wewe mwili wako wote ni wasiwasi. Sema."

"Ukiwa huko nje, Kasuku je?"

Hapohapo juu ya jabali ikasikika sauti nzito, iliyojaa matope: "Hoh! Nyigu! Nasema fungueni mlango, waingie wote!"

Nyigu wakaanza kupisha. Kiboko akageuka, akajisikia mwenyewe anaongea kule juu, mdomo wake ukabaki wazi.

"Huyo si mimi! Huyo ni Kasuku! Nyigu, sikilizeni. Mpaka nirudi, hakuna kuingia, hakuna kutoka!"

"Na akija mtu mwenye sauti yako?" Sange aliuliza kwa upole.

"Chomeni!"

"Na akisema yeye ndiye Kiboko?"

"Huyo mchomeni zaidi!"

"Nzzz! Tumesikia," wakasema Nyigu.

"Hekima kubwa, Bwana," akasema Sange. "Mimi nisingeifikiria."

Kiboko akaenda. Tindi, tindi, tindi, mpaka mtikisiko ukaisha ardhini.

Sange akasimama katikati ya upenyo, akainua pua. "Jamani Nyigu, nauliza tu. Mkubwa wa mji ametoka?"

"Ametoka."

"Leo asubuhi nani amefagia hapa Mlangoni?"

Nyigu wakanong'onezana. Nzz, nzz. Walikuwa wachomaji wa kweli, lakini desturi walizijua; nao walikuwa wamezaliwa Bondeni. "Umefagia wewe, Bi Sange."

"Basi leo nani husema karibu?"

"Wewe."

Habari ikaenea upesi. Bondeni nzima ikaja mbio, isipokuwa Kobe, aliyekuja. "Sema karibu basi!" Kanga alipiga kelele. "Waite waingie na mbegu! Unangoja nini, mwanamke wewe? Tazama mawingu!"

"Nikisema karibu leo, kesho Kiboko atarudi na mwili wake ule ule, na kesho kutwa mlango utafungwa tena. Nataka amri hii aifute aliyeiweka, kwa mdomo wake, na ninyi mkiwa mnasikia."

"Na mvua ikimtangulia?"

Sange aliangalia juu, akaangalia nyumbani kwake alikolala Chepe, akakaa chini akaanza kusubiri. Kusubiri ndiyo kazi pekee ambayo hakuijua.

Kasuku alienda na kurudi, akiwaletea sauti.

"Krau! Krau! Krau!" akasema, kwa sauti ya meno ya Kiboko. "'Hii ni nusu yangu. Krau! Na hili tenga jingine, hoh, nalo si ni nusu? Na nusu ni yangu!' Amekula yote mawili."

Wakacheka. Kasuku akaenda, akarudi. Mara hii hakuchekesha.

"'Na huo mfuko mnaouficha ni wa nini?' Ameuona. Ameuona mfuko wa mbegu."

Sange aliinuka. "Ehe?"

"Mumeo kasimama mbele ya mfuko. Kiboko kampuliza tu, fuu, akaanguka pembeni. Akafungua mdomo. Ndipo Bi Nungunungu akaenda akaketi juu ya mfuko." Kasuku akatikisa mbawa zake, chaka-chaka-chaka, kama miiba inayogongana. "'Hujambo, kaka? Hiki ndicho kiti changu. Ukitaka nusu yake, anza na nusu niliyokalia.'"

"Akafanya nini Kiboko?"

"Akasema makopa yametosha."

Bondeni ikapiga vigelegele. Hawakuwahi kumwona Bi Nungunungu, lakini tangu saa ile hakuna aliyeuliza tena kama angekula mtama wao.

Basi jua likapanda. Makopa, ukiyala makavu, hutafuta maji popote yalipo ndani yako. Kiboko akageuza njia kurudi. Tumbo likaanza kufura. Ngozi ikaanza kukauka, kisha kuvutika, kisha kupasuka. Tindi, tindi, ikawa ti… ti… ti. Kasuku alisema kwamba Baba Chepe alikuwa akimfuata, akimmwagia maji kutoka vibuyuni, mgongoni na masikioni, na kwamba Mhanga alinung'unika lakini alishika kibuyu. Vilipokwisha, Bi Nungunungu alitoa kile cha wanawe.

"Umewaambia wafanye hivyo?" Kobe aliuliza.

"Nimewaambia wajaze maji," alisema Sange. "Cha watoto sikusema."

Alasiri Kiboko akafika Mlangoni. Alikuwa wa kijivu, kama jabali lililojifunza kuyumba. Nyuma yake walikuja wale wengine, na mfuko.

"Pisheni," akakoroma.

"Nzzz! Nani?"

"Mimi, Kiboko!"

"Sauti ni ya Kiboko," Nyigu wakasema. "Na Kiboko katuambia mwenye sauti ya Kiboko ni Kasuku. Ondoka, Kasuku."

"Kasuku gani ana tumbo hili?"

"Kasuku aliyeshiba."

"Ndimi mwenyewe, jamani! Ndimi Kiboko!"

"Aaa. Anayesema ndiye Kiboko tuliambiwa tumchome zaidi." Nzzz! Wakamchoma puani. Wakamchoma masikioni. Kiboko akarudi kinyumenyume mpaka akakalia jiwe, na ndani ya upenyo, nyuma ya kiota, aliliona bwawa lake linameta.

Hapo akaiona ile pua ndefu.

"Kapua! Waambie!"

"Samahani, nani anaita?" Sange alisimama mahali alipopafagia. "Hapa kwetu watu hupiga hodi."

Bondeni nzima ilikuwa juu ya majabali, inasikiliza. Mawingu yalikuwa meusi. Kiboko akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Hodi," akasema.

"Unatoka wapi?"

"Wewe unajua ninakotoka!"

"Unatoka wapi?"

"Kilimani. Natoka nje."

"Umebeba nini?"

"Sina kitu."

"Ukiingia, nusu ya ulichobeba hukatwa. Ndiyo sheria. Huna mzigo, lakini unao mwili. Basi tukate nusu ya mwili. Nusu ipi iingie, Bwana? Ya mbele ikanywe, ya nyuma ibaki nje itunze mkia? Au ya nyuma ioge, ya mbele ikae nje ikitazama?"

Bondeni ikaangua kicheko, mpaka Kobe akajirudisha ndani ya gamba achekee humo. Hata Nyigu walicheka, nzi-nzi-nzi. Kiboko akatazama sehemu yake ya mbele, akapinda shingo kutazama ya nyuma, na ilionekana kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa anaelewa nusu ni nini.

"Zote," akasema polepole. "Naomba ziingie zote."

Sange hakucheka. Alisogea karibu, pua yake ikawa chini ya ile pua kubwa iliyovimba.

"Swali la tatu. Unataka nini?"

Hakuna ajuaye alichokiona Kiboko moyoni wakati ule. Pengine aliona dimbwi lililokauka. Pengine alimwona kizee mwenye pua ndefu, anakwenda mbele yake akisukuma majani. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, hata Kasuku hajawahi kuweza kuiiga.

"Maji," akasema.

"Hata siku ile ulisema hivyohivyo," Sange alisema. "Na nyanya yangu hakukukata nusu."

"Hakunikata."

"Basi hawa nyuma yako wamepiga hodi tangu zamani. Nyigu wanasikia. Sote tunasikia. Sema."

Kiboko akainua kichwa, akavuta pumzi, akasema kwa sauti yake nzito yote iliyobaki: "Nyigu! Anayetoka, na atoke. Anayeingia, na aingie. Mzigo wa mtu ni wake mzima. Na asije mtu akafunga tena mlango huu." Akafikiri, akaongeza, "Hata akiwa ni mimi."

"Na akiwa na sauti yako?" Nyigu wakauliza.

"Hasa akiwa na sauti yangu."

"Karibu," akasema Sange. "Karibuni nyote."

Nyigu wakapanda juu ya jabali. Kiboko akapita, nusu zote mbili, tindi, tindi, tindi, akashika njia iliyofagiwa. Chubwi! Maji yakaruka mpaka yakawalowesha waliokuwa juu. Nyuma yake akaingia Mhanga, na vilima vyake mgongoni. Akaingia Bi Nungunungu na wanawe, chaka-chaka, wakiulizwa maswali matatu na watu wanne kwa wakati mmoja. Mwisho akaingia Baba Chepe na mfuko begani, akakohoa kile kikohozi chake kidogo. Sange, aliyekuwa hodari mchana kutwa, akasahau kumuuliza hata swali moja. Mvua ikaanza. Mlangoni palepale wakaigawana mbegu, kila nyumba konzi zake, na ya Kobe wakampelekea, kwa kuwa angefika kuichukua mtama ukiwa umeshavunwa. Wakapanda huku wanalowa, wakiimba wimbo ambao Mhanga alitoka nao milimani na ambao maneno yake nusu hakuyajua.

Msimu ule mtama ulitoka mwekundu. Mhanga akachimba kisima kipya, kingine akakichimba nje, katikati ya njia, anayesafiri asikauke. Bi Nungunungu akawafundisha kuchanganya mbegu na jivu na majani machungu, na wadudu wakahamia kwingine, maana nao wana miguu. Chepe akanenepa, akaanza kuchimba ua wa jirani kwa pua mpaka akashtakiwa. Alipokua, naye aliaga akaenda, na mama yake akamfagilia. Akarudi na mchumba mwenye pua fupi mno, na Bondeni ikasema hayo ni maajabu, kisha ikazoea.

Na Kiboko? Kiboko alikuwa ameonja nje. Alilala bwawani mchana kutwa akiwaza makopa, na jua lilipotua akajikuta miguu inamtoa. Tangu siku ile, kila jioni Kiboko hutoka majini, hushika njia yake ileile, huenda mbali kutafuta malisho, na alfajiri hurudi nyumbani. Katika Bondeni nzima hakuna anayekwenda na kurudi kama yeye. Akifika Mlangoni hunong'ona hodi, hata kama hayupo wa kumwitikia. Na mbele yake, kabla umande haujakauka, utasikia: kwaru, kwaru, kwaru.

Haya, wanangu, mnataka funzo? Funzo la ngano hii ni wazi. Kaeni nyumbani! Safari haina faida yoyote. Ila mbegu, na kisima, na mchumba, na uji wa kesho. Mgeni akija, mfungieni mlango, asije akaketi juu ya chakula chenu na kukiokoa. Na mkiona mtu anafagia njia, mkatazeni mapema, maana fagio huanza na majani tu, na hujui litaishia kumfagia nani. Asiyeniamini aende akamuulize Kiboko mwenyewe. Ila aende mchana, kwa sababu jioni hatamkuta.

Ngano imekunywa maji, sasa inaaga!

—Isindikizeni!

Inakwenda wapi?

—Kwa jirani!

Itarudi?

—Itarudi imenenepa!

Basi nani kesho atafagia?